Anayemjibu Mjusi

Kaka mpendwa,

Salamu zikufikie wewe, wifi na wanangu. Kikohozi cha wifi kimepoa? Sisi huku miili ni mizima, na Mama anakula vizuri kuliko mimi. Mengine ndiyo yamenikalisha na kalamu.

Ulinituma nimtazame Mama, maana alikuambia kwenye simu kwamba marehemu Baba bado yumo chumba cha kushonea, anagonga ulimi kama alivyozoea akiwa kwenye cherehani. Uliogopa akili zinamtoka. Basi, mwenye wazimu hayupo. Giza likiingia mlio unasikika kweli: tak-tak-tak juu ya kabati, halafu mwingine unajibu, taratibu.

Nilimulika nikamwona mjusi. Si mjusi kafiri wa jikoni. Huyu ncha za vidole vyake zimetanuka kama jani lililopasuliwa katikati, ndizo zinazomshika ukutani. Mchana hujibana kwenye ufa, usiku hutoka kuwinda nondo. Mijusi ndio kazi yangu chuoni, cheka tu kama kawaida yako. Nikamweleza Mama kwamba wanaolia hivyo ni madume, kila mmoja akimkataza mwenzake asivuke mpaka, kwa hiyo humu wamo wawili wanagombea kabati. Nikamwonyesha hata mayai yaliyogandamana ukutani.

Mama alinisikiliza hadi mwisho. Akauliza kama nina hakika. Nikasema ninayo. Akasema haya, kama ni mijusi tu basi hana anayemsubiri humu ndani, na yuko tayari kuhamia kwako kama unavyomsihi tangu msiba. Akaanza kukunja nguo zake bila chozi. Nikafurahi, kaka. Kumbe mdomo umeniponza.

Nilisema wawili kabla sijawatafuta. Mama akiwa anafungasha, nilisogeza kabati, nikafungua mbao za dari, nikamulika kila ufa. Dume ni mmoja. Nikamtia kwenye chupa yenye matundu, nikaketi naye mezani. Akaita humo humo chupani, akajibiwa. Jibu lilitoka kwenye kiti cha cherehani, na kiti kilikuwa kitupu. Nilipiga magoti nikamulika chini yake. Sikukuta kitu.

Leo jioni nimemtoa yule mjusi, nikamwachia mbali, nyuma ya ukuta wa majirani. Mlio mmoja umebaki. Unaita, unanyamaza kama anayesikiliza, unaita tena. Mama ameusikia akiwa chumbani kwake, akacheka kwa mara ya kwanza tangu tumzike Baba, akasema mijusi wangu hawana adabu.

Kesho anapanda basi, na barua hii ataibeba mwenyewe, bahasha nimeifunga. Sijamwambia kwamba mjusi alikuwa mmoja tu. Akijua hatapanda hilo basi, na wewe unajua hivyo. Nimeogopa kumbakiza, na naogopa zaidi kumwondoa. Wewe ndiye mkubwa wangu, amua utakapomwona usoni kama umwambie au unyamaze.

Wifi umwambie namkumbuka, na watoto uwakumbatie. Mama mpokee kwa upole pale kituoni.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba