Ngamia Alipimwa Siku Ileile

"Hapana, Shuaib, sisubiri!" Timiro rafiki yangu, nimempigia mume wangu kelele hivyo kwenye simu, mbele ya foleni nzima ya hospitali hapa Garissa.

Eti nisubiri! Nina miaka hamsini na saba, hedhi ilikoma miaka minne iliyopita, na sasa damu inatoka, huu ni mwezi wa tatu. Mwezi wa tatu, wallahi!

Mwanzoni alifurahi. Aliwaambia ndugu zake, "Mama Hani amekuwa msichana tena." Nami mjinga nikacheka, nikaacha hata kuswali nikidhani ni hedhi.

Leo daktari hakucheka. Amesema damu ya umri huu si ujana, huenda ikawa saratani. Lazima waangalie kwa ultrasaundi unene wa ukuta wa ndani wa kizazi. Kifaa kinaingizwa ndani, na mpimaji ni mwanaume. Nesi wa kike atakuwepo.

Shuaib akasema, "Mwanaume? Haiwezekani. Ngoja mwanamke apatikane."

Nikamuuliza, lini? Akajibu, "Inshallah."

Timiro, unamkumbuka ngamia wake aliyetokwa na damu? Daktari wa mifugo alikuja kutoka mjini Habaswein siku ileile. Mwanaume! Mkono ndani mpaka kiwikoni, na Shuaib mwenyewe ameshika mkia.

Nikamkumbusha. Akasema, "Yule ni ngamia."

Ndiyo. Yule ni ngamia, ndiyo maana alipona.

Nimemkatia simu. Karatasi ya kukubali kipimo nimeitia sahihi mwenyewe. Nimeshaitwa, nakuandikia huku navua viatu. Naingia.