Maneno ya Msichana wa Kwenye Video

Bariadi,
Jumapili, 12 Julai.

Mpendwa dada Minza,

Mwangaluka, dada. Leo nitakueleza yote, hata lile linaloniaibisha, na sitachana ukurasa.

Unakumbuka Jumamosi ile kabla hujaolewa, tulipoingia kwenye banda la video nyuma ya soko? Mwenye banda aliniingiza bure kwa sababu nasoma sekondari. Kazi yangu ilikuwa kusimama kando ya televisheni na kuwaeleza watu Kiingereza. Wewe ulikaa benchi la mbele na shemeji. Wakati huo alikuwa mchumba tu, karani wa kampuni mpya ya kununua pamba, na baba alikuwa anasubiri jibu lako.

Ilikuwa picha ya kutisha. Zimwi lilikuwa linakula watu, na steringi, yule shujaa wa picha, akamwokoa msichana mmoja akamficha katika chumba cha chini ya nyumba. Mzee mmoja pale bandani akasema steringi huyo angekuwa kwetu, fisi wasingetumalizia ndama. Tulicheka sana.

Kisha steringi akaliua zimwi. Nikadhani imekwisha, lakini mlango hakuufungua. Msichana aliugonga akasema, "Limekufa. Nifungulie niende kwa mama." Steringi alikuwa anamenya chungwa. Akatabasamu, akajibu, "Huna haja tena ya huko nje. Wewe sasa ni wangu."

Hayo ndiyo waliyosema, na mimi niliyaelewa. Lakini banda zima lilikuwa linanitazama, nikaona haya kuwaharibia furaha. Nikasema, "Anamwambia anampenda." Watu wakapiga makofi. Shemeji alipiga makofi kabla sijafungua mdomo. Yeye Kiingereza anakijua, dada.

Tulipotoka uliniuliza, "Mbona yule msichana alikuwa analia?" Nikakwambia ni machozi ya furaha. Jioni ile ukamwambia baba umekubali.

Tangu ulipokwenda Dutwa hujatutembelea. Mayu, mama yetu, alipougua nilikuandikia. Jibu lilikuja kwa mwandiko wa shemeji: Minza hajambo, ana kazi nyingi. Wewe ndiye uliyenishika mkono kunifundisha kuandika, lakini hukuandika hata jina lako.

Sijalia. Nafua sare, nateka maji, nafanya hesabu na kuzipata. Watu wakiniuliza habari zako nasema hajambo, kama mtu anayesoma ubaoni. Usiku nalala vizuri, na hilo ndilo linalonishangaza.

Jana nilimweleza baba maneno ya kweli ya ile picha. Alisema picha ni picha tu, na mke anayetulia nyumbani ni heshima. Akaenda zizini kuwatazama ng'ombe wa mahari yako, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi aliniuliza basi la Dutwa huondoka saa ngapi. Nikamwambia. Akasema, "Akisema neno moja tu, nakwenda kumchukua. Ng'ombe watarudi kwao."

Barua hii sikuipitisha ofisini kwa shemeji kama ile ya kwanza. Nimempa mama anayeuza mitumba mnadani huko kwenu, naye ameahidi kukupa mkononi. Mjibu hapo hapo, hata kwa mdomo, maana anarudi Bariadi siku hiyo hiyo.

Mayu anakusalimu, sasa anatembea mpaka uani. Mimi mdogo wako, Kabula, nina swali moja tu: dada, anayesoma hapa ni wewe mwenyewe?