Sauti ya Bibi wa Pete

Dar es Salaam, Jumatatu

Kwa Hooyo, mama yangu mpenzi,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Naanza kukujulia hali wewe kabla ya mbuzi, ingawa najua ungependa nianze na mbuzi. Hujambo? Goti la kushoto linasemaje siku hizi? Bado unapanda lori kwenda kununua wanyama, au umemsikia Hodan ukapumzika kidogo? Na wale mbuzi wa Buna waliofika wamekonda, wameanza kushika nyama? Mimi ni mzima wa mwili, alhamdulillahi, ila koo. Habari za koo ndizo barua yenyewe, kwa hiyo tandika mkeka ukae.

Najua umenipigia simu siku nne mfululizo nisipokee. Hodan alikuambia simu yangu imeharibika. Si kweli, na usimgombeze mdogo wangu, nilimwomba mimi. Simu ni nzima. Kilichoharibika ni sauti. Daktari amenikataza kutoa neno kwa siku kumi, hata kunong'ona, na sasa nanunua nyanya kwa vidole kama bubu. Ujumbe wa simu ungesomwa na kila jirani anayeazima simu yako, ndiyo maana nimekuandikia. Siku ile ulipomaliza masomo ya ngumbaru, yale ya watu wazima, uliniambia, "Sasa mimi iko na macho yangu. Wewe andika ile Kiswahili mwalimu alinifundisha, nitasoma bole bole." Basi soma polepole, Hooyo, na usimpe mtu. Kuna siri humu ndani, na mwisho wake nitakuomba radhi. Soma yote kabla ya kukasirika.

Ile tamthilia ya Kituruki unayotazama na jirani yetu Mama Mutindi kila siku baada ya swala ya alasiri, ile aliyowafungulia Hodan kwenye televisheni kwa intaneti, mimi naijua kuliko nyinyi. Majina ya Kituruki yamewashinda, mkawabandika ya kwenu: Kijana Ndevu, mkewe Maskini, na yule mama mkwe mwovu, Bibi wa Pete. Sasa nikuulize, Waturuki wale walijifunza wapi Kiswahili? Hawakijui. Kuna watu wanaokaa katika chumba kidogo huku Dar es Salaam, wanatazama midomo yao na kuwasemea. Mmoja wa watu hao ni mwanao. Bibi wa Pete ni mimi.

Kunywa maji kwanza, kisha endelea.

Nilikuficha kwa sababu ya Abti. Kaka yako huyo alitoka Banissa mpaka kwetu kusema mbele ya wageni kwamba binti anayeigiza anauvua nguo ukoo mzima. Nikaogopa, nikakuambia nasoma matangazo ofisini. Ofisi ipo, na mwaka wa kwanza matangazo niliyasoma kweli, ya sabuni na ya magodoro. Lakini uso wangu hauonekani popote. Nakaa na mtandio wangu kichwani, peke yangu na kinasa sauti, na wakati wa swala ukifika kazi inasimama.

Tena acha nijisifu, maana kwa mama ndipo mahali pa kujisifia. Siku ya majaribio tulikuwa wengi. Walikuwapo wasichana wa Tanga na wa Unguja, Kiswahili kinawatoka hata hawakisikii. Waliposikia natoka Garissa, mmoja akasema, "He! Msomali wa Kenya naye kaja kutusemea Kiswahili? Makubwa!" Hakujua kwamba kwa miezi miwili nilikuwa nasimama mbele ya kioo nikisema paka, papai, pilipili, mpaka mwenye nyumba akaniuliza kama nimefungua genge. Kwetu pilipili ni bilibili na hakuna aliyewahi kufa kwa sababu hiyo, lakini kazi ni kazi. Tulichujwa, tukachujwa tena, nikabaki mimi. Yule msichana leo ndiye anayemsemea Maskini, na kila siku namfukuza nyumbani kwangu kwa makelele. Tumekuwa marafiki.

Kwa kuwa sasa unajua niko ndani ya mambo haya, pokea maoni yangu, uyapime na yako. Huyo Kijana Ndevu unayemsifu si lolote. Vipindi themanini yuko nyuma ya mlango anasikia kila uovu, kisha anaingia chumbani kuvaa koti. Mwanamume wa namna hiyo hata ndama hungempa akuchungie. Maskini naye analia mno. Barua inayoonyesha ukweli wote imo kwenye droo yake, naye hataki kufungua droo. Angekuwa amepita darasa la ngumbaru pamoja nawe, tamthilia ingekwisha wiki ya kwanza.

Vitabu vya mapenzi anavyosoma Hodan ndivyo vibaya zaidi, ingawa naviazima na mimi nikirudi nyumbani. Kimoja alinisimulia kwenye simu: wapenzi wamekutana jangwani saa sita mchana, hawana hata kibuyu cha maji, wanatazamana macho kurasa tatu. Mwandishi huyo hajawahi kuona kiu. Mtu wa Buna saa hizo amelala kivulini, na mapenzi yatangoja jua lipoe. Halafu wanaoana bila mtu hata mmoja kuuliza ukoo!

Na ile filamu ya familia mliyotazama siku ya Idi, yenye mbwa anayesema. Uliondoka kwa hasira kwa sababu mbwa alipanda kitandani kulala na mtoto, na hapo niko upande wako. Lakini ungevumilia kidogo. Kondoo watatu wa mwishoni ni mimi, wote watatu. Walitaka niseme mee tu. Nikawaambia kondoo aliyepotelewa na mwanawe halii hivyo, nikawalilia kama walivyokuwa wakilia kondoo wetu siku ya mafuriko ya mto. Msimamizi wetu alivua miwani akaifuta. Akaamuru sehemu yote irudiwe kwa namna yangu. Hakuna chuo kilichonifundisha hayo, ni zizi lako.

Sasa nifike penye koo.

Hodan peke yake ndiye aliyejua siri yangu. Alikuwa akinirekodia kwa simu mnavyomtukana Bibi wa Pete pale sebuleni, ananitumia, nasikiliza huku nikila chakula cha mchana. Hooyo, nilikuwa naona raha! Kadiri mlivyomchukia ndivyo nilivyojua kazi yangu nimeiweza. Kisha kikaja kile kipindi ambacho Bibi wa Pete anamtupa Maskini nje kwenye mvua akiwa na mimba. Nikakusikia umesimama, hata nikasikia kikombe kikianguka: "Hii mwanamke iko na roho ya fisi! Wallahi, Mungu akaushe hiyo koo yake, asiseme tena!" Mama Mutindi akaitikia, "Amina, mama, ikauke kabisa!" Na wanawake wengine wote chumbani wakasema amiin, mara tatu.

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Hiyo ilikuwa Jumanne. Alhamisi, katikati ya kazi, Bibi wa Pete anafoka juu ya ngazi, nikafungua mdomo na hakikutoka kitu. Nikajaribu tena. Ukatoka upepo tu.

Daktari anasema nyuzi za sauti zimevimba kwa kupiga kelele majuma matano bila kupumzika. Huenda ni kweli. Lakini daktari yule hana mama wa Garissa. Mimi nimelelewa nikijua kwamba laana ya mzazi, habaar, haina mchezo. Wewe mwenyewe ulitusimulia habari za yule mtu wa Lafey aliyemjibu mama yake vibaya kisimani, na mpaka leo ngamia hawakai kwake. Wenzangu hapa wanacheka, wanasema laana ilikuwa ya Mturuki, mwache Mturuki aibebe. Mchana nacheka nao. Nikibaki peke yangu najiuliza: mama alilaani koo, na koo lililosema maneno yale ni la nani?

Vimebaki vipindi sita. Wamekubali kuningojea mpaka Jumatatu ya wiki ijayo, siku moja baada ya zile siku kumi kwisha. Sauti isiporudi, watampa mtu mwingine, na hawatakuwa na makosa. Hooyo, naipenda kazi hii. Sijawahi kukuambia kwa sababu sikuweza kukuambia kazi ni ipi, ila naipenda kama wewe unavyopenda asubuhi ya soko.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo lililonitoa jasho kuliko yote. Siku ile ya majaribio msimamizi alituambia, "Nipeni mwanamke asiyeogopa mtu." Wenzangu wakawaza majini na wachawi, wakakwaruza sauti. Mimi nilifumba macho nikakuona wewe. Nilikuona pale soko la mifugo, mwaka ule aliofariki baba, Aabbo wetu, umeshika mbuzi sikio, na dalali mwenye mwili mara mbili yako amekusimamia anataka kukuonea kwa kuwa wewe ni mjane. Ukamwambia mbele ya soko zima, "Hiyo bei beleka kwa mama yako! Mbuzi hii imetoka Buna kwa mguu, wewe umetoka kitandani!" Watu wakageuka. Dalali akarudi nyuma, kisha akalipa ulichotaka.

Sauti ile ndiyo niliyoichukua. Nilitoa maneno yako nikatia ya Bibi wa Pete, sauti nikaiacha ilivyo, na ule mkato wako wa mwisho wa sentensi nikauacha ulivyo. Sauti hiyo ndiyo iliyotulisha, mimi na Hodan, na kutusomesha. Sasa watu wanaisikia Mombasa, Tabora mpaka Kigoma, wanaogopa na wanaongeza sauti ya televisheni. Hawajui imetoka soko la Garissa, lakini mimi najua, na kila nikivaa vile visikilizio masikioni naona fahari mpaka kifua kinajaa. Nilikufanyia vibaya kuiba bila kuomba. Na wewe, Hooyo wangu, siku ile sebuleni ulilaani sauti yako mwenyewe.

Basi naomba radhi mbili. Ya kwanza kwa kukuficha, na hiyo ukitaka kuichelewesha nitavumilia, hata ukinituma nikamwangukie Abti mwenyewe kule Banissa. Ya pili siwezi kuingoja. Tia udhu, kaa upande wa kibla, na uiondoe ile laana kwa jina langu. Usiseme "yule mwanamke". Sema Fardosa. Na Mama Mutindi umwite aitikie amina, kwa maana alipoitikia ile ya kwanza aliitikia kwa nguvu sana.

Ukimaliza, Bibi wa Pete uendelee kumchukia, tafadhali. Atafanya mabaya zaidi katika vipindi sita hivyo, na nisingependa umwonee huruma kwa ajili yangu. Ukishindwa kujizuia, mwombee apotelewe na hiyo pete.

Nisalimie Hodan, mdogo wangu mtunza siri, umwambie kazi yake ya kurekodi imekwisha kwa heshima. Nisalimie Mama Mutindi, jirani yetu mwenye kibanda cha mboga, ambaye ni mama yangu wa pili. Salamu kwa mwalimu wako wa ngumbaru, maana bila yeye ningemwambia nani haya? Abti nitamwandikia mwenyewe, nikishajua wewe umesimama upande gani.

Wassalaam.

Ni mimi mwanao uliyemlaani bila kujua, anayengoja umbariki ukijua,

Fardosa