Stima ya Pumzi ya Mama

Jumatatu, 3 Machi 2025

Stima imeshuka tena! Niko jikoni naosha masufuria, nikaona taa imegeuka rangi ya strungi, chai isiyo na maziwa. Kabla sijafuta mikono, mashine ya Mama ikaanza kulia. Piiii. Nikakimbia.

Hiyo mashine ndiyo inampa mama mkwe wangu hewa. Moshi wa kuni wa miaka yote umemaliza mapafu, na tangu atoke hospitali analala kwetu hapa Kimumu na mrija puani. Stima ikishuka, gadi, kile kisanduku cha kulinda vifaa kwenye soketi, inakata ili mashine isiungue. Sawa. Lakini stima ikirudi, gadi inangoja dakika kadhaa ndiyo iwashe. Kadhaa! Friji inaweza kungoja. Mama atangoja na nini?

Nikamfungulia mtungi mdogo wa akiba. Mshale umeanza kuelekea nyekundu. Anahema, mabega yanapanda na kushuka, na bado ananiambia pole. Ati pole. Mimi!

Na ng'ambo ya ukuta—krrr, krrr. Jirani yetu Gichuru, fundi wa vyuma, anachomelea mageti yake, na mashine yake inavuta stima yote.

Jumanne, 4 Machi

Nimeenda kwa Gichuru na leso yangu kiunoni. Nimemfokea mbele ya wateja mpaka sauti ikaisha. Nilitaka anijibu vibaya, nipate nafasi. Wapi! Akavua miwani, akaniambia, Mama Linet, mimi sikujua mko na mgonjwa, si ungenipigia tu.

Tumepatana. Akitaka kuchomelea ana-flash simu yangu, inalia mara moja anakata. Nahamisha Mama kwa mtungi, na mimi nam-flash, ndiyo awashe. Imefanya kazi mchana wote.

Halafu jioni, Gichuru ameshafunga, mtaa wote ukaanza kupika. Ikashuka! Piiii. Kumbe si yeye peke yake. Sasa hata mtu wa kukasirikia nimenyang'anywa.

Alhamisi, 6 Machi

Watu wa stima wamekuja. Wawili. Ngazi haikushuka kwa gari! Wakaangalia mlingoti, wakasema transfoma imelemewa, nyumba zimekuwa nyingi, tungoje kubwa. Nikauliza lini. Yule mrefu akacheka.

Nikamwambia mama mzee anategemea hii stima kupumua. Akasema pole sana, madam. Pole! Ningeweka hizo pole zote kwa mtungi, tungekuwa mbali.

Wabuge naye, mume wangu, anasema tuvumilie. Anayevumilia ni nani? Yeye anaondoka asubuhi, anarudi Mama ameshachanwa nywele, ameshabadilishwa nguo, mashine inanguruma vizuri. Hajawahi kuona ile rangi ya midomo ya Mama hewa ikikatika.

Halafu akaniletea habari njema: Jumapili kanisa linakuja kumwombea Mama. Na kinanda na spika. Nikamwambia waje, karibu sana, lakini waimbe kwa midomo. Akasema mimi siwezi kufukuza maombi nyumbani kwa mama yake. Nani amefukuza? Mwishowe akakubali, ati atamwambia Pasta Eliakim.

Jumamosi, 8 Machi

Mtungi umekwisha. Wabuge ameuacha mjini ujazwe, ni mpaka Jumatatu. Nimemuuliza kama ameongea na Pasta. Ndiyo, ndiyo, macho kwa simu.

Jumapili, 9 Machi

Naandika nikiwa sakafuni kando ya kitanda cha Mama. Mlango nimefunga kwa ufunguo. Ekstensheni yao, ule waya wa kuunganishia spika, nimeikalia.

Hakumwambia! Wamekuja na spika mbili, kila moja inanifika kifuani. Nikamvuta Wabuge kando, akasema ni aibu sasa, wameshabeba, ni nyimbo chache tu. Gichuru, ambaye hata si wa kanisa letu, leo hajagusa mashine yake. Mwana wa Mama ndiye ameleta spika.

Wakaanza. Akina mama jikoni wakawasha birika ya stima ya chai ya wageni. Niliona taa ikigeuka. Gadi ikasema ta! Mashine ikalia, na hakuna aliyesikia, kwa vile Pasta alikuwa anapaza sauti, Bwana, mpe mama yetu pumzi! Amina, wakasema. Amina! Na pumzi yenyewe inaliwa na spika!

Mama midomo imekuwa ya kijivu. Anaangalia mlango kama mtu anayetafuta mtu.

Nikatoka nikang'oa waya. Kinanda kikakata katikati. Kimya—na ile piiii. Sasa wakaisikia. Wabuge akasema kwa sauti ya chini kwamba nimemwaibisha. Nilizima birika, nikazoa ekstensheni, nikajifungia.

Gadi ilingoja dakika zake. Mimi nimeshika mkono wa Mama, namhesabia pumzi, namtukana kila mtu kimoyomoyo, Pasta akiwemo. Halafu mashine ikanguruma. Rangi imeanza kurudi.

Wabuge anabisha. Ati nirudishe ekstensheni, wimbo mmoja tu wa kufunga. Namwambia waimbe bila. Anasema, Mama, mwambie afungue.

Mama amevuta hewa. Amevuta tena. Alikuwa mwimbishaji wa kwaya huyu, anapenda nyimbo kuliko sisi wote. Akamwambia mwanawe pale mlangoni, Baba, nimechoka. Akanigeukia: usifungue, Nanzala.

Mara ya kwanza ananiita jina langu.

Nasikia viatu vya Wabuge vikienda. Nimeshukuru. Nimefikiri yameisha.

Kinanda kimeanza tena! Wamepata soketi ya jikoni. Taa hapa juu yangu inageuka njano. Gadi bado haijakata. Mama anaiangalia taa, ananiangalia mimi, ananisukuma bega na vidole. Hana pumzi ya kusema. Anaonyesha mlango, kisha vidole vinang'oa waya hewani.