Maziwa ya Kuosha Moshi

Mama yangu mpenzi,

Nakuandikia nikiwa uani kwetu Kigera, mahali ulipokuwa unaweka kigoda chako ili upepo wa ziwani uwapelekee moshi majirani badala yetu. Majirani walinung'unika, nawe uliwanyamazisha kwa vipande vya mkia wa sangara. Ulikuwa mjanja, Mama.

Unakumbuka ulivyonifundisha kugeuza samaki? Kabla ya kufunua bati la tanuri la kukaushia samaki kwa moshi unavuta pumzi kama mtu anayetaka kuzama, unaibana, unafunua, unageuza samaki wote kwenye chanja, unafunika, ndipo unaiachia. Mimi nilikuwa naishiwa katikati, nakohoa mpaka machozi yananitoka, na wewe unacheka.

"Wewe una kifua cha kuku," ulikuwa unaniambia. "Mimi nilikuwaga nageuza chanja mbili kwa pumzi moja."

Jioni ilikuwa zamu ya maziwa. Shangazi aliyatuma kutoka Butiama kila alipopata mtu wa kuja Musoma, ndani ya kibuyu kilichofukizwa kwa vijinga vya moto kama desturi yenu. Maziwa ya kuosha moshi yenyewe yalinukia moshi, na hakuna kati yetu aliyeshangaa. "Kunywa uoshe kifua," ulisema, nami niliyasikia yakishuka, baridi, katikati ya kifua, nikaamini uchafu wote unashuka nayo. Hakuna kinywaji nilichowahi kukipenda zaidi.

Mwaka huu kikohozi kama chako kimenishika mimi. Siku ya kupeleka samaki kwa wateja wako wa Manyamanyama, nilipitia hospitali pale Bunda. Nesi alinipa mrija nipulize. "Puliza, mama, puliza, usiache!" Nilipuliza mpaka nikaona nyota. Akaniuliza natumia kuni au mkaa, nikamweleza habari za tanuri, nikajisifu na maziwa. Akatabasamu kwa adabu, akavuta karatasi, akachora.

Kumbe koo lina njia mbili, Mama. Ya mbele ni ya hewa, ya nyuma ni ya chakula, na juu ya ile ya hewa kuna kifuniko kidogo kinachojifunga kila tunapomeza. Maziwa yetu yote yalikwenda tumboni. Yangeingia njia ya hewa, tungepaliwa. Ile njia ya hewa inagawanyika kuelekea mapafu mawili, kisha inaendelea kugawanyika kuwa vijia vyembamba hadi kwenye vifuko vidogo mno. Huko damu inapita jirani kabisa na hewa, inachukua oksijeni na kuacha hewa chafu tuitoe nje. Na mapafu hayajipanui yenyewe. Chini yake kuna msuli mpana unaoitwa kiwambo. Ukishuka, kifua kinapanuka na hewa inaingia, ukipanda, hewa inatoka. Moshi unavichakaza vile vifuko polepole, na kilichokwisha kuharibika hakirudi.

"Huo moshi uache," nesi akasema. "Dawa nitakupa, ila ukirudi kwenye tanuri tutakuwa tunatwanga maji."

Nilitoka pale na uchungu. Sikukukasirikia wewe. Niliyaonea huruma yale maziwa, na sisi wawili tuliokuwa tunayanywa kwa imani kubwa.

Nilikwenda Butiama kumweleza shangazi. Aliposikia nafikiria kubomoa tanuri, alishika kiuno pale mlangoni.

"Tanuri la mama yako? Si ndilo lilikusomesha? Sasa utakulaga nini?"

"Nitauza samaki wabichi, shangazi. Nitawaweka kwenye barafu."

"Na umeme ukikatika?"

Nilirudi nyumbani nikakoka moto kama kawaida, na kila asubuhi nikajiambia kesho. Si fedha tu iliyonizuia. Kanga zako zimeshafuliwa hadi zimepoteza harufu yako. Tanuri bado linanukia wewe. Nikifunua bati ni kama umetoka hapo sasa hivi kwenda kuteka maji, na nikikaa kidogo utarudi.

Juzi alfajiri kikohozi kilinibana vibaya. Nikaketi ukingoni mwa kitanda, nimeinama, mikono magotini, naitafuta hewa. Mjukuu wako Neema alikuja akaketi pembeni yangu. Baadaye kidogo nikamtazama. Mabega yake yalikuwa yanapanda yangu yanapopanda, yanashuka yangu yanaposhuka. Alikuwa anavuta pumzi pamoja na mimi, meno ameyauma, uso umemtoka jasho.

Nilimjua mtu yule. Alikuwa mimi, Mama, siku yako ya mwisho, nimekaa kitandani kwako, navuta kwa nguvu zangu zote kana kwamba hewa yangu ingeweza kuingia kifuani mwako. Ulinishika mkono ukasema, "Acha mwanangu, utachoka." Sikuacha. Nilivuta hata baada ya wewe kunyamaza.

Leo nimelibomoa tanuri. Nimelia kwa sauti, majirani wale wale wamekuja kunishika. Sijui biashara ya barafu itakwendaje, na shangazi bado hapokei simu yangu. Lakini Neema sitamwachia kazi ile niliyoifanya mimi kitandani kwako, kwa sababu najua haiwezekani, na najua mtoto haachi.

Kwaheri, Mama.

Mimi kitinda mimba wako,
mama yake Neema