Wanaonipima Ningali Hai

Mowlem, Nairobi

Dada yangu Nafula,

Pokea salamu, ingawa hustahili. Goti lako linaendeleaje? Na kuku wangu, bado wapo, au wameingia sufuriani mmoja mmoja kwa kisingizio cha wageni? Mimi ni mzima, au ndivyo ninavyoambiwa, na hapo ndipo maneno yanapoanzia.

Wajua nililetwa huku kwa ajili ya kifua. Hospitalini wakanitoa damu, wakanipiga picha ya mbavu, kisha wakamwita mwanangu Wafula ndani peke yake. Alipotoka akasema, "Hakuna kitu, Baba," akiviangalia viatu vyake. Mtu akikwambia hakuna kitu huku anatazama viatu, kitu kipo.

Tangu hapo nyumba hii ikaanza kunipenda. Binti yake Nelima, yule anayesomea ushonaji na kughani mashairi kwa gitaa kwenye ukumbi wa mtaa, alikuwa akinipita kama mfereji uliokauka. Ghafla nikawa babu wa chai, mandazi moto, na maswali. "Kuka, ulizaliwa wapi hasa? Ujana wako ulikuwaje? Ni wimbo gani ukiusikia moyo unaruka?" Nikajibu kidogo kidogo, kama shahidi kortini. Historia ya maisha, nyimbo alizozipenda marehemu: nani asiyejua hayo husomwa wapi? Ilibaki picha tu.

Picha nayo ikaja! Nikajiona kwenye simu yake, kijana, suruali ya bugaluu inafagia sakafu, kola kama masikio ya ndovu. Picha hiyo iko ukutani kwako, Nafula. Nani aliyemtumia? Nikasema kumbe na dada yangu ameingia kamati ya mazishi.

Kesho yake ninasinzia kitini, nahisi kitu mabegani. Nelima, na tepu ya fundi!

"We msichana, unapima nini?"

"Tulia, Kuka."

"Nitatulia nikifa. Unapimia nguo au mbao?"

"Mbao za nini?"

"Usinizungushe. Daktari alisema nini?"

Akacheka mpaka akaketi sakafuni. "Baba, kuja uone! Kuka anadhani tunamzika!"

Wafula akatoka bafuni, sabuni kidevuni. Nikamwambia aniangalie mimi, si viatu.

"Ni presha, Baba. Daktari alisema upunguze chumvi na uache ugoro. Hiyo ya ugoro niliogopa kukuambia. Mdomo wako naujua."

Hapo nikamwamini. Uongo wa kunifariji usingegusa ugoro wangu.

Nelima akanishika mkono mpaka kona anaposhonea. Ukuta mzima ni picha za watu wa zamani: wapiga tarumbeta waliovaa suti zilizobana, akina mama wa miwani mikubwa na nywele zilizosimama kama mnara. Katikati yao, mimi.

"Mshono ukinikataa, au mstari wa shairi ukigoma, nakuangalia wewe," akasema.

"Mimi? Suruali hiyo ilinifukuzisha kanisani!"

"Ndiyo maana, Kuka."

Nikamtazama usoni nikitafuta dhihaka. Sikuiona, nikainua mikono amalize kunipima koti, jambo ambalo hutaliamini.

Koti lilipokamilika, rangi ya haradali, nililigeuza kwanza nyuma. Si unajua nguo ya maiti hupasuliwa mgongoni ili ivalike? Mgongo ulikuwa mzima, umeshonwa mara mbili. Nikalivaa, nikashuka ngazi. Mama wa mboga akanipigia kelele, "Mzee umewaka! Leo unaoa?"

"Ukipunguza bei ya sukuma, nakuoa wewe."

Jumamosi Nelima ataghani mbele ya watu, nami nitatembea jukwaani nyuma yake polepole, nikilionyesha koti kwa maringo, kama zamani. Ugoro nimepunguza. Usiniulize kiasi gani.

Nisalimie shemeji, mume wako mvumilivu. Yule mzee wa kanisa aliyenitoa ibadani, mwambie kola imerudi, tena imenenepa. Na jirani yako seremala, ambaye kila nikija hunitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, mwambie atafute mteja mwingine.

Wewe nawe, kama kuna jambo Wafula alikunong'oneza, liseme sasa. Kama hakuna, basi shika hili moja: siku yangu ikifika, nivisheni lolote, lakini si koti hili. Hili nataka kulichakaza mwenyewe.

Kaka yako, mbishi wa mama yetu,
Simiyu