Kile cha Vinywaji

Nyumba ya nyuma ya kiwanda cha uchapaji,
Chumba cha mbele.
Jumapili, tarehe 14, saa kumi jioni.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Hujambo huko? Wifi hajambo, na wanangu wawili wanaoniita shangazi kwenye simu bila kunijua sura, hawajambo? Mgongo wako ule wa kukaa kwenye kiti kutwa nzima umepoa? Mimi mzima, ukiitoa miguu. Paka mzima. Shangazi yetu mzima, na mdomo wake mzima zaidi. Aliyebaki unamjua, na hali yake nilikueleza jana kwa simu.

Kwa hiyo barua hii si ya kukupa habari. Jana uliniuliza, "Imekuwaje tena, si alikuwa anaendelea vizuri?" Nami nikakujibu, "Imetokea tu." Hilo ni kosa, Kaka, na sisi ni watoto wa msahihishaji. Miaka thelathini na minne Baba alikaa hapo kiwandani akisoma kurasa kabla hazijachapwa, na tulipokuwa wadogo alituambia kwamba kosa la mdomo mtu anaweza kulikana, ila sahihisho huandikwa. Basi naandika.

Nianze na vitabu vyako. Kifurushi kilifika wiki tatu zilizopita, kamba imekatika lakini vyote vinne vimo. Nilikupigia kukushukuru, ukafurahi mpaka nikaogopa kusema lililokuwa moyoni. Leo nitalisema, lakini kwa zamu yake.

Cha historia Baba alikipokea kama mtu aliyeletewa mjukuu. Nilimwekea mto kifuani, nikawa namfunulia kurasa, maana mkono wa kushoto tangu kiharusi haufanyi kazi yoyote. Siku ya pili akagundua kwamba vita moja imeanza mwaka mmoja katika ukurasa wa 41, na mwaka mwingine katika ukurasa wa 212. Alifurahi kuliko siku uliyofaulu mtihani. Akaniambia, kwa yale maneno yake yanayotoka polepole siku hizi, "Huyu msahihishaji wao alilala." Akataka tuwaandikie. Sijawaandikia.

Cha uuguzi ni changu, nimekisoma chote. Kimeandikwa vizuri na kina picha za jinsi ya kumgeuza mgonjwa asipate vidonda. Sura ya sita inasema mlezi asijichoshe, agawane zamu na ndugu zake. Niliposoma hapo niliangalia huku na huku kutafuta ndugu wa kugawana naye zamu, nikamwona paka.

Cha maadili uliongeza mwenyewe, sikukiomba. Sijui ulikuwa unaniambia nini. Nimekisomea kwenye foleni ya daktari. Kina maswali arobaini: je, ni haki kumdanganya mgonjwa, je, ahadi iliyotolewa kwa nia njema yaweza kuvunjwa, na mengine ya namna hiyo. Mwandishi anauliza, anazunguka, anamsifu huyu na kumpinga yule, halafu anakwenda zake. Shangazi alivipanga vyote vinne dirishani akavitazama mikono kiunoni. "Vitabu vyote hivi," akasema, "na hakuna hata kimoja kinachofua shuka."

Sasa cha nne.

Unakumbuka uliniuliza kwa ujumbe, "Nitume vitabu gani?" Nikakujibu nikiwa na beseni mkono mmoja na simu mkono wa pili: "Cha historia cha Baba, cha uuguzi changu, na kile cha vinywaji usikisahau, ndicho muhimu kuliko vyote." Nawe hukukisahau. Umenitumia kitabu cha vinywaji, kurasa mia tatu, kila ukurasa glasi, kila glasi jasho la baridi. Juisi, chai za kila rangi, kahawa, maziwa ya kupigwa, vitu vyenye majani na vipande vya barafu.

Kaka, nilikuwa nasema kizito. Ule unga unaokorogwa kwenye kinywaji cha Baba kiwe kama asali, kiteremke taratibu kooni kisimpalie. Tangu lilipokuja kopo la kwanza Baba mwenyewe aliuita kizito, nasi sote tukauita kizito, na maduka ya dawa ya hapa yaliacha kuuleta. Kile kizito cha vinywaji. Wewe ukasoma kile kitabu cha vinywaji. Ngeli moja, ki na vi, na hakuna wa kulaumiwa, kwa sababu sentensi yangu ilikuwa sahihi kabisa.

Nilipomweleza Baba alicheka mpaka nikamwinua asipaliwe na mate yake. Akasema, "Miaka thelathini na minne nimesahihisha ngeli za watu. Leo ngeli imenifuata kitandani." Alilirudia hilo kwa Shangazi, akalirudia kwa Sista, yule muuguzi anayepita kila Jumanne. Kila mara alisubiri wacheke.

Sikukuambia kwa simu kwa sababu ulisema umekitafuta kitabu hicho maduka matatu. Sikuambii sasa ili uumie. Hapana, huo nao ni uongo, nao nausahihisha: nataka uumie kidogo. Nilikuwa nimekuomba uje. Uliniuliza nataka vitabu gani.

Bila kizito nikawa nachemsha unga wa mahindi, napoza, nakoroga. Sista alisema afadhali hiyo kuliko hatari. Lakini ule unga hufanya madonge, na Baba hakuupenda tangu siku ya kwanza. "Hii ni gundi," alisema. "Kabandikeni majalada." Nilimbembeleza, nikamtania, nikamkaripia, Mungu anisamehe, kama anavyokaripiwa mtoto. Akawa anafunga mdomo. Wiki iliyopita midomo ilipasuka, ulimi ukawa mkavu, na kila akiamka neno lilikuwa moja tu, maji. Maji mepesi, maji matupu.

Ulisema kwenye simu, na Baba alisikia kwa sababu chumba ni kimoja: "Maji kamwe, mpaka nije." Ulilisema kwa upendo, najua. Lakini una miaka mitatu hujaja, na likizo yako, kwa maneno yako mwenyewe, ni ya mwakani. Ulikuwa umempa Baba kiu isiyo na tarehe.

Hapa nikueleze juu ya lile boksi. Sista alikata upande wa boksi la karatasi, akaandika kwa herufi kubwa: MAJI, CHAI, JUWISI, MAZIWA. Juu ya kila neno akapitisha mstari, maana yake hivi asipewe, akalitundika ukutani upande wa miguuni pa kitanda. Baba alimsahihishia hiyo "juwisi" siku ile ile, na Sista akanuna mpaka Jumanne iliyofuata.

Alhamisi asubuhi, baada ya kumwogesha, Baba akanyoosha kidole kwenye lile boksi na kuniomba penseli yake nyekundu. Iko kwenye kamusi kuukuu kama zamani, imebaki kipande kama kidole gumba. Nilipoifungua kamusi nikaona na karatasi iliyokunjwa mara nne, nikaisoma, nikaiweka mfukoni. Nitaifikia. Nikamshushia boksi, nikamshikia, nikidhani ameona kosa jingine la kumsumbua Sista wa watu. Mkono ulimtetemeka sana. Ilimchukua muda mrefu, na alipomaliza kulikuwa na vitone vitatu. Kimoja kilianguka juu ya herufi J. Viwili vilikaa sawasawa chini ya neno MAJI.

Wewe unajua maana yake. Tuliijua kabla hatujajua kuhesabu. Mstari juu ya neno, futa. Vitone chini ya neno lililofutwa, acha, libaki kama lilivyokuwa.

Nilijifanya sijaelewa. Nikasema, "Baba, umechafua tu boksi la watu." Akanitazama. Hakukasirika. Akasema, "Wewe ni mtoto wa msahihishaji."

Nikatoka nje. Nilifua shuka mbili zilizokuwa safi. Nilikumbuka kitabu chako cha maadili, nikarudi nikakipekua kwa mikono yenye sabuni, nikitafuta swali la mtu mzima mwenye akili zake timamu anayeomba maji, na binti yake anayejua yanaweza kupita njia mbaya. Kuna swali la mfalme na mlinzi wake, na la matajiri wawili kwenye jahazi linalozama. La glasi ya maji halimo. Cha uuguzi kilikuwa na jibu, mstari mmoja tu, na jibu lilikuwa hapana.

Nilichemsha maji, nikayapoza kwa kuyamimina toka kikombe hiki kwenda kile. Nikamkalisha wima, kidevu chini, kama picha inavyoonyesha. Sikumpa kwa kijiko. Nilimpa kwa glasi, ile ya Mama yenye mstari wa bluu. Funda la kwanza alikohoa, nikataka kuiondoa, akaishika kwa mkono wake mzima na hakuachia. Mafunda manne, Kaka. Nimeyahesabu. Yale matatu yalishuka kama zamani, niliona koo likienda. Kisha akafuta mdomo kwa mgongo wa kiganja akasema, "Hayo ndiyo maji."

Baadaye akataka nimsomee kile cha vinywaji. Nilimsomea mpaka adhuhuri: chukua limau mbili, kamua, ongeza barafu. Alikuwa anafumba macho na kusema, "Endelea." Kwenye ukurasa wa tangawizi akapata kosa, neno limerudiwa mara mbili. Halafu akalala, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshiba.

Ijumaa alfajiri homa ikapanda. Jumamosi tukampeleka, daktari akasikiliza kifua akasema maji yameingia kwenye mapafu, mwili hauna nguvu ya kupambana, tukae naye nyumbani. Hayo ndiyo niliyokuambia. Nilichokuficha ni glasi.

Sista alikuja leo ingawa si siku yake. Aliona glasi, akaona vitone kwenye boksi, nikamweleza. Hakunigombeza. Alisema, "Labda ni maji, labda homa ilikuwa njiani." Ni mtu mwema, na ananidanganya. Hilo limo kwenye yale maswali arobaini, ni swali la kwanza kabisa. Ni mimi, Kaka. Nikikumbuka vile alivyokunywa, siwezi kusema ningefanya vingine. Nikisikia anavyopumua sasa, siwezi kusema nilifanya vyema. Nimeshindwa kuvipatanisha hivi viwili, na sidhani kama nitaweza.

Hafumbui macho tangu jana mchana. Namlowanisha midomo kwa kitambaa, na bado anakinyonya. Shangazi amekaa upande wa pili wa kitanda, amenyamaza, na kumwona Shangazi amenyamaza kunanitisha kuliko maneno ya daktari. Barua hii inachukua wiki mbili kukufikia. Utakapoisoma nitakuwa nimeshakupigia simu ile nyingine. Usikimbilie tena likizo kwa ajili yake. Kama utakuja, njoo kwa ajili yetu tuliobaki, na ukiona huwezi, niambie huwezi. Usinitumie kitabu.

Sasa ile karatasi ya kwenye kamusi, ambayo naitia ndani ya bahasha hii. Ni rasimu yako ya barua ya kuomba nafasi ya kwenda huko, wakati ule Mama alipokuwa bado hai. Mwandiko ni wako, na ile tabia ya kukandamiza kalamu mpaka karatasi inatoboka. Mwisho uliandika, "Nikimaliza masomo nitarudi nyumbani." Kisha ukaifuta sentensi yote kwa wino, nadhani nafasi kwenye karatasi ilikuwa imekwisha. Chini yake, kwa penseli nyekundu, Baba ameweka vitone, kimoja kimoja, toka neno la kwanza mpaka la mwisho, na mkono wake wakati huo ulikuwa hautetemeki.

Lile boksi nimebaki nalo mimi. Yale maji nilimpa.

Shangazi anakusalimu na anasema umenenepa kwenye picha. Sista anakusalimu ingawa hamjuani. Baba angekusalimu. Msalimie sana Wifi, na wanangu wabusu, waambie babu yao alipata makosa mawili kwenye vitabu vyao vya ng'ambo. Mungu akulinde huko uliko, akupe na usingizi hata baada ya kusoma haya.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa na hasira,

Kitindamimba